J, lugha ya ordinatere inayohesabu kutokea kuume

J ni lugha ya programu ambayo Kenneth Iverson na Roger Hui waliianzisha mwaka 1990. Ndani yake hesabu ni sentensi: namba ni nomino, alama ya kutoa ni kitenzi.

Tuseme mwenye butike hapa Mabanga yuko na dola 10. Analipa 4 za muchele na 3 za mafuta. Akiandika 10 - 4 - 3, kwa hesabu ya masomo anabakia na 3. J inamupa 9: inaanza kuume, 4 - 3 ni 1, halafu 10 - 1. Ni dola 6 zisizokuwa kwenye sanduku!

J haijakosea. Kila kitenzi kinashika jibu la yote yaliyo kuume kwake, na kuzidisha hakutangulii kujumlisha. Dawa ni mabano: (10 - 4) - 3. Ao aandike 10 - 4 + 3: matumizi yanajumlishwa kwanza, ndipo yanatolewa.