Kutoka Kuanika Betri hadi Kupasha Chipu

Ufundi wa vifaa vya umeme huku kwetu Kabasa, wilayani Bunda mkoani Mara, ulianza na redio, na kwa muda mrefu uliishia hapo hapo. Baba yangu mdogo, aliyenifundisha kazi, alifariki bila kuwahi kufungua kompyuta. Si kwamba hakutaka. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni nchini. Zuio lilianza kulegezwa miaka ya 1980, lakini Bara tulikaa bila kituo cha televisheni hadi 1994, ilhali Zanzibar walikuwa wakitazama picha za rangi tangu miaka ya 1970. Kwa hiyo fundi wa Mara, awe wa Musoma mjini, Bunda au Butiama, alikuwa fundi redio. Mali yake ilikuwa pasi ya kulehemu inayopashwa kwenye mkaa, waya wa lehemu, na masikio.

Masikio hasa. Baba mdogo aliigonga redio kwa ukucha, akasikiliza inavyokwaruza, akajua ni mguu gani wa kifaa umeachia. Akiugusa kwa pasi ya moto, Radio Tanzania inarudi. Alisimulia jinsi wakati wa vita ya Kagera, 1978 na 1979, watu walivyomgongea mlango usiku wakiwa wamekumbatia redio zao, hawataki kusubiri kukuche. Ambao redio zao zilikuwa nzima lakini betri zimechoka, hao hawakumhitaji: walizianika betri juu ya bati tangu asubuhi, jioni wakasikiliza taarifa ya habari. Betri haikupona. Jua liliharakisha tu kilichokuwa kimebaki ndani yake.

Kizazi changu ndicho kilichokutana na laptopu. Bunda zilianza kuonekana kwa wingi baada ya mkongo wa SEACOM kufika Dar es Salaam Julai 2009 na intaneti kuanza kuwa kitu cha kuzungumzika. Wenye nazo walikuwa walimu waliochukua mikopo, watumishi wa halmashauri, na wanachuo wa ualimu. Nyingi zilikuwa mtumba: zimetumika Ulaya au Marekani, zimepita Dubai, zimeshushwa Kariakoo, zimepanda basi hadi stendi yetu. Risiti hakuna, garantii ni maneno ya muuzaji.

Ndipo ukaja ugonjwa ambao masikio hayakuusaidia. Taa zinawaka, feni inazunguka, kioo cheusi. Au kioo kinachora mistari ya rangi kama kitenge. Ukiichomekea skrini ya nje, mistari ni ile ile, basi unajua kosa haliko kwenye kioo, liko kwenye chipu ya grafiki. Laptopu za namna hiyo zilikuja za kila jina.

Historia ya ugonjwa huo haikuanzia mezani kwangu. Tarehe 2 Julai 2008 kampuni ya Nvidia ya California ilitangaza kwamba inatenga dola milioni 150 hadi 200 kwa ajili ya baadhi ya chipu zake za laptopu, zilizokuwa zikiharibika kwa sababu ya udhaifu wa malighafi za kuziunganishia. HP na Dell wakaongeza muda wa garantii kwa baadhi ya mashine zao, na Apple nao wakaanza kutengeneza bure. Kesi ya wateja ilifunguliwa Marekani, na mwaka 2010 ikaisha kwa makubaliano: wengine watengenezewe, wengine wapewe mashine nyingine. Walionunua mitumba ya Kariakoo hawakuwa upande wowote wa kesi hiyo.

Sasa nieleze kilichokuwa kinakatika, maana hapa ndipo ufundi wetu ulipobadilika. Chipu si kitu kimoja. Juu kuna kipande chembamba cha silikoni, kimekalia kibao kidogo kwa vitone vingi vya lehemu ambavyo jicho tupu halivioni. Kibao hicho nacho kimeshikwa na madabodi kwa vitone vingine vikubwa zaidi. Katikati ya vile vidogo humiminwa gundi ya kuvisaidia kubeba mzigo. Wachambuzi waliozipasua chipu hizo za Nvidia walieleza kwamba gundi ililainika kwenye joto la kawaida la kazi, na vitone, vilivyojaa risasi na visivyopenda kupindwa, vikabaki peke yao. Mashine ikiwashwa, silikoni na kibao hutanuka kwa viwango tofauti; ikizimwa, husinyaa. Siku kwa siku, kitone kinapata ufa.

Mafundi wengi tuliishutumu lehemu mpya. Tangu Julai 2006 Ulaya ilizuia risasi kwenye vifaa vya umeme, na lehemu isiyo na risasi ina sifa ya ugumu. Lakini hiyo ilikuwa kwenye vitone vya chini. Vya juu viliruhusiwa kubaki na risasi.

Dawa iliyosambaa duniani ilikuwa moto. Ughaibuni watu waliweka madabodi kwenye oveni ya keki. Sisi tulitumia bloa ya hewa ya moto. Mashine iliwaka, mwenyewe akashangilia, akalipa. Wiki chache baadaye, kioo cheusi tena. Hesabu yake ni rahisi: lehemu ya zamani huyeyuka kwenye nyuzi 183, isiyo na risasi karibu 217, lakini vile vitone vya juu vinataka kupita 300. Bloa haikuviyeyusha hata kimoja. Iliitanua chipu tu, nyuso zilizoachana zikagusana kwa muda. Ni betri juu ya bati, hakuna zaidi.

Tiba ya kweli ilikuwa chipu iliyosahihishwa. Ya modeli ya Nvidia 8600M GT, kwa mfano, ilitoka na namba G84-603-A2 mahali pa G84-600-A2. Ila ukiagiza huko nje uliweza kuletewa chipu iliyobanduliwa kwenye madabodi iliyokufa, imesafishwa ikang'aa.

Kutokana na hayo ndipo mezani kwangu ilipoingia desturi ambayo fundi redio hakuihitaji: daftari la kuandika nilichomwahidi mteja, naye atie saini. Mwalimu mmoja aliniuliza, "Fundi, itakaa?" Nikamwambia, "Mwalimu, itakaa muda wa kuhamisha mitihani yako." Alihamisha kwenye flashi, akaweka saini, akalipa nusu. Baadhi ya wenzangu waliniambia naua soko. Labda. Ila kazi ya redio ilitengeneza fundi anayeaminika kwa sababu kiungo alichokichoma kilibaki kimeungana, na chipu hii haikutoa nafasi hiyo.

Siku hizi wazee wakija kuomba ushauri kabla ya kununua mtumba, nawaambia watafute isiyo na chipu ya grafiki ya pembeni. Wananielewa haraka. Vijana wao wanataka yenye nayo, kwa ajili ya gemu za mpira.