Mahbub ul Haq: Mchumi Ndani ya Serikali ya Wanajeshi

Umoja wa Mataifa una ripoti inayozipanga nchi kwa hali ya maisha ya watu wake, na Kenya yetu imo. Lakini ni vijana wangapi wanaomjua aliyeianzisha? Ni Mahbub ul Haq wa Pakistan, aliyezaliwa mwaka 1934.

Alisoma Cambridge, Uingereza, na Yale, Marekani, kisha akarudi kwao kupanga uchumi chini ya Jenerali Ayub Khan. Uchumi ulikua, si mchezo. Ila mwaka 1968, mjini Karachi, Mahbub mwenyewe alisimama akasema wazi: familia 22 tu zimeshika thuluthi mbili ya mali ya viwanda na asilimia 80 ya benki. Yaani hesabu zinapanda, lakini maskini yuko pale pale!

Mwaka 1970 alikwenda Benki ya Dunia. Mwaka 1982 akarudi nyumbani kuwa waziri, safari hii chini ya Jenerali Zia ul-Haq (majina yafanana tu, si ndugu). Zia alipindua serikali mwaka 1977, na mwaka 1979 Zulfikar Ali Bhutto, waziri mkuu aliyempindua, akanyongwa. Hapo ndipo lawama zinapoanza. Wako wanaouliza, mtetezi wa maskini alifuata nini kwa dikteta? Wengine hujibu kwamba anayekaa nje hana sauti kwenye bajeti.

Serikali hiyo, kwa sheria ya mwaka 1980, ilikata zaka asilimia 2.5 kwenye akiba za benki Ramadhani inapoingia. Jambo zuri, lakini fungu nono la bajeti lilikwenda jeshini. Basi maskini akapewa zaka kwa mkono mmoja, na shule na hospitali zikakosa kwa mkono wa pili. Mahbub alikuwa mezani, hata waziri wa fedha akawa mwaka 1985, na bado hakuweza kuligeuza hilo.

Zia alikufa katika ajali ya ndege mwaka 1988. Mahbub akahamia Umoja wa Mataifa, na mwaka 1990, akisaidiwa na rafiki yake Amartya Sen, akatoa ripoti ile. Inapima umri wa kuishi, elimu na kipato, si pesa peke yake. Ripoti ya mwaka 1994 ikasema kinagaubaga kuwa usalama wa mtu hauletwi na silaha. Alifariki New York mwaka 1998.

Kijana unayesomea uchumi, huenda kesho ukaitwa na wakubwa. Kabla hujaitikia, jiulize: nikiwa ndani, nitaweza kumsemea maskini, au nitawapambia tu hesabu zao?