Greve, Mugomo na "Tunangojea Jibu"

Wandugu, hapa Kolwezi neno greve liko mpaka jikoni. Mama akikataa kupika, watoto wanasema: "Leo mama iko mu greve." Lakini kule kwenye mgodi neno hilo linamezwa. Mdogo wangu ni kibarua kwa kampuni moja (jina naliacha). Wiki iliyopita walibaki kwenye geti bila kuingia. Nikamuuliza: muko mu greve? Akajibu pole pole: "Hapana, yaya. Tunangojea jibu." Mwenye kusema greve, jina linaandikwa.

Jibu lake lilinirudisha Desemba 1941. Vita ilitaka shaba, bei za vitu zikapanda, mshahara ukabaki chini. Wafanyakazi wa Union Minière wakaacha kazi Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, kisha Élisabethville. Tarehe 9 walikusanyika kwenye uwanja wa mpira, Léonard Mpoyi akiwasemea. Gavana Maron akaja. Wakakataa kutawanyika bila nyongeza. Askari wakapiga risasi. Mpoyi akafa palepale, na makumi ya wengine. Nao pia walikuwa wanangojea jibu.

Kugoma ni kukataa tu, na mugomo unatoka hapo. Maandamano yanatoka kwa kuandamana, kufuatana njiani. Siye tuliongeza vilmor: siku mji mzima unabaki nyumbani, kama 16 Februari 2016. Vilmor ina akili yake: barabara tupu haina mtu wa kuandikwa jina.

Kwenye geti, mambo ni mengine. Mdogo wangu bado iko pale.