Sotoka

Sotoka ni ugonjwa wa virusi uliokuwa ukishambulia ng'ombe, nyati na wanyama wengine wenye kwato zilizogawanyika. Kirusi chake ni ndugu wa karibu wa kirusi cha surua ya binadamu. Ng'ombe alianza kwa homa kali, macho na pua zikitiririka. Kisha vidonda vikatokea kinywani, ufizi ukaonekana kama umepakwa pumba, na mwisho akahara maji maji yenye damu. Kundi lisilo na kinga liliweza kuteketea karibu lote kwa wiki chache.

Ugonjwa uliingia Pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880, ukafika kusini mwa bara miaka ya 1896 na 1897. Wamaasai, ambao ng'ombe kwao ndiye chakula, mahari na heshima, walipatwa na msiba usio na kifani. Msafiri Oscar Baumann aliwakuta Ngorongoro mwaka 1892 wamebaki mifupa mitupu. Kipindi hicho wao wenyewe hukiita Emutai.

Ukombozi ulitoka Muguga, Kenya, ambako Walter Plowright na wenzake walikuza kirusi katika seli za figo za ndama, kizazi baada ya kizazi, hadi kikapoteza makali yake. Dozi moja ya chanjo iliyotokana nacho ilimkinga ng'ombe maisha yake yote. Baadaye ikapatikana chanjo inayostahimili joto, wachanjaji wakaweza kuifikisha hata kwenye mazizi ya mbali yasiyo na barafu.

Kirusi kilionekana mara ya mwisho mwaka 2001, kwa nyati wa Hifadhi ya Meru, Kenya. Mwaka 2011 sotoka ilitangazwa kutokomezwa duniani, ya pili baada ya ndui.