Safu ya Lugha: Thuluthi

Nimesikia mara nyingi hapa sokoni Masii, hata vinywani mwa wanafunzi wa kidato cha pili, ambao aghalabu huyajua mambo haya kuliko wazazi wao, kwamba gunia la ndengu "limegawanywa kwa thuluthi", ilhali muradi wa msemaji ni kuwa wabia watatu wamepata mafungu sawa. Gunia la kilo 90 likigawanywa kwa tatu, kila fungu ni kilo 30, na fungu hilo ndilo thuluthi. Lakini kuigawa 90 kwa thuluthi ni kuuliza zimo thuluthi ngapi ndani yake, na jawabu ni 270, neema ambayo hata mvua za Novemba hazijapata kutuletea.

Neno ni la Kiarabu, ndugu wa robo na thumuni (hii ya mwisho ni sehemu ya nane, ingawa wazee wetu waliziita hivyo senti hamsini, ambazo ni nusu shilingi!). Watu wa pwani wamelishika barabara kwa ajili ya wasia, maana sheria ya Kiislamu haimruhusu mwenye kuusia kupita thuluthi ya mali yake. Sisi wa bara tumelizoea kwa Katiba ya Kenya ya 2010, inayotaka jinsia moja isizidi thuluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa, na wengi hudhani kwamba wanawake ndio walioahidiwa hizo mbili. Wabunge wa Bunge la Kitaifa, ukimtoa Spika, ni 349. Thuluthi mbili yake ni 232 na ushei. Basi wanaume wasizidi 232, wala wanawake wasipungue 117.