Kufukuzia Pesa Zilizoliwa

Aliyepoteza dau kwenye kibanda cha kubeti Dar es Salaam au Mwanza hasemi amepata hasara. Husema ameliwa. Aliyeshinda amekula, na mkeka, yaani tiketi ya mechi kadhaa, uliokosea mechi moja tu umechanika. Mtafsiri anayehangaika na istilahi ya Kiingereza "chasing losses" angefanya vyema kuanzia kwenye kibanda hicho kabla hajafungua kamusi.

Jambo lenyewe ni hili. Mtu ameliwa 20,000 Jumamosi. Jumapili anarudi, safari hii si kwa raha ya mpira wala kwa ndoto ya utajiri, bali kuzirudisha zile 20,000. Akiliwa tena anakopa, na Jumatatu anazozitafuta ni nyingi zaidi. Mwanasosholojia wa Marekani Henry Lesieur aliziona mbio hizo kuwa ndizo uti wa mgongo wa maisha ya mcheza kamari aliyezama, hata kitabu chake cha 1977 akakiita The Chase.

Madaktari walifuata. Mwaka 1980 Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kiliiingiza kamari ya kupindukia katika mwongozo wake wa magonjwa, na mwaka 2013 toleo la 5 likaihamishia kundi moja na pombe na heroini. Dalili ziko 9. Mwenye 4 au zaidi ndani ya miezi 12 huhesabiwa kuwa mgonjwa. Kurudi siku nyingine kutafuta kilichopotea ni dalili ya 6. Kiswahili kinaliita tatizo zima uraibu wa kamari, na neno uraibu, ambalo wazee wa pwani walilitumia kwa tambuu, popoo na tumbaku, limeubeba mzigo huo bila shida.

Shida iko kwenye dalili ya 6. Ukitafsiri neno kwa neno unapata "kufukuza hasara", na maana inageuka juu chini: mwenye duka anayefukuza hasara ni mtu wa kupongezwa. Kiambishi kimoja kinaokoa kitenzi. Kijana anayefukuzia ajira anaitaka. Anayefukuza mbuzi shambani hamtaki. Lakini hata "kufukuzia hasara" hakutoshi, kwa sababu hakuna anayeitaka hasara. Kinachotakiwa ni pesa zenyewe. Ndiyo maana makala hii inapendekeza kufukuzia pesa zilizoliwa. Ni maneno matatu badala ya mawili, lakini mraibu atajitambua akiyasikia.

Kuna mshindani mmoja mwenye nguvu: kukomboa. "Ngoja nikomboe hela yangu" ni kauli inayoeleweka papo hapo, ila inabeba uongo uleule ambao tiba inapaswa kuuvunja. Anayekomboa anachukua kitu alichoweka rehani, na kitu cha rehani bado ni mali yake. Pesa iliyoliwa si ya aliyeliwa tena.

Mwandishi wa Urusi Fyodor Dostoyevsky aliishi pande zote mbili za neno hilo. Mwaka 1867, mjini Baden-Baden, Ujerumani, alipeleka rehani pete za ndoa na vito vya mkewe Anna ili apate dau la ruleti. Vito viliweza kukombolewa. Pesa zilizobaki mezani hazikuweza, ingawa alizirudia mwaka baada ya mwaka. Aprili 1871 aliliwa tena mjini Wiesbaden, akamwandikia Anna barua ya kuapa kwamba ameacha. Safari hiyo kiapo kilishika, naye hakucheza tena hadi alipofariki mwaka 1881.

Kinachosahaulika ni kilichofuata. Waliporudi Petersburg wadai walikuwa wanawasubiri. Anna alishika hesabu za nyumba, akakabiliana na wadai mwenyewe, na mwaka 1873 akaanza kuchapa na kuuza vitabu vya mumewe bila kupitia kwa wachapishaji. Madeni yalilipwa polepole, kwa miaka. Pesa za ruleti hazikurudi hata senti.

Hapo ndipo hasara na deni vinapoachana. Hasara ni pesa iliyokwisha kwenda, na hakuna anayemdai mtu airudishe. Deni lina mwenyewe: mdai, kiasi na tarehe. Mraibu huvichanganya. Amekopa 200,000, ameziliwa, na kichwani mwake njia ya kulipa mkopo ni kuzirudisha 200,000 kutoka kulekule zilikoliwa. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky waliandika mwaka 1979 kwamba asiyekubali hasara yake huingia kwenye hatari ambazo siku nyingine angezikataa. Walitaja pia wanaobeti kwenye mbio za farasi, ambao kadiri siku inavyoisha ndivyo wanavyowekea dau farasi wasiotarajiwa.

Hesabu haina huruma. Anayeongeza dau maradufu kila anapoliwa, akianza na shilingi 1,000 kwenye mchezo unaolipa mara mbili, akiliwa mara 7 mfululizo atakuwa ametoa 127,000. Dau la 8 linamtaka 128,000. Akishinda, faida yake yote ni shilingi 1,000. Na siku hizi mkopo na kamari vinakaa kwenye simu moja, dakika chache tu kati ya kuliwa na kukopa. Uingereza ilijaribu kupanua mwanya huo: tangu 14 Aprili 2020 kadi za mkopo haziruhusiwi kulipia kamari.

Kwa hiyo kuanza kupona ni kazi ya kihasibu kabla haijawa ya moyo. Wacheza Kamari Wasiojulikana, chama kilichoanza Los Angeles mwaka 1957, kina utaratibu wa kumkalisha mwanachama mpya na mwenzi wake pamoja na wanachama wa zamani. Madeni yote huandikwa, hata yale ya shemeji na ya kikoba, kisha hupangwa bajeti ya kumlipa kila mdai kidogo kidogo kutoka kwenye mshahara au biashara. Mkopo mpya wa kufuta ya zamani haupendwi hapo, achilia mbali ule wa riba kubwa ambao Watanzania wameupa jina linalostahili, kausha damu. Fedha za ndugu za kumaliza deni kwa mkupuo nazo hutiliwa shaka. Mwongozo wa madaktari uliotajwa juu unakubaliana nao: kutegemea wengine kumwokoa mtu na hali mbaya ya fedha iliyosababishwa na kamari ni dalili ya 9. Ni ushauri mchungu kwa mama mwenye shamba la kuuza, lakini ni sahihi. Deni likifutwa ghafla, mraibu anapata kile anachokihitaji zaidi, yaani uwezo wa kukopa tena.

Nani, basi, aishike kalamu? Mtu mmoja anayeaminiwa, si baraza la ukoo. Kwa miezi ya mwanzo mshahara upitie kwake, programu za kubeti na za mikopo zifutwe kwenye simu, na mraibu aiandikie kampuni kuomba akaunti yake ifungwe. Wadai wengi, hata wakali, huzungumza na aliyewafuata mwenyewe na karatasi mkononi. Na ikiwa deni limemfikisha mtu kuwaza kujidhuru, apelekwe kitengo cha afya ya akili cha hospitali iliyo karibu leo hii, kabla ya kikao chochote cha wadai.