Kichwa cha Beki na Macho ya Mtazamaji

Usiku wa tarehe 30 Aprili 2019, jijini London, beki Mbelgiji wa Tottenham, Jan Vertonghen, aliruka kuwania mpira wa juu mbele ya lango la Ajax, akagongana na mwenzake Toby Alderweireld. Damu ikamtoka puani. Alitibiwa pembeni, akabadilishwa jezi, akarudi uwanjani. Haukupita muda akatoka tena, safari hii ameinama, ameshikiliwa asianguke. Sisi wa Afrika Mashariki tulikuwa na sababu yetu ya kutazama, kwani Victor Wanyama wa Kenya alianza katika kikosi hicho. Nilikuwa Brussels, mtaa wa Matonge, katika baa iliyojaa Wakongo, na nakiri kwamba tuliulizana nani ataingia badala yake. Hakuna aliyeuliza ataamkaje kesho.

Desemba 2020 Vertonghen mwenyewe alieleza kwamba kizunguzungu na maumivu ya kichwa vilimwandama kwa takriban miezi 9. Hakupaswa kuendelea kucheza, alisema, lakini mkataba wake ulikuwa umebakiza mwaka mmoja, akaona hana budi kujionyesha. Hapo ndipo hoja ya kwamba mchezaji huikubali hatari kwa hiari yake inapoanza kupwaya. Na ni nani anayeupa mkataba huo thamani, kama si sisi tunaolipia kutazama?

Habari yenyewe haikuwa ngeni. Jeff Astle, mshambuliaji wa zamani wa West Bromwich Albion, alifariki mwaka 2002 akiwa na miaka 59, na uchunguzi rasmi wa kifo chake ukaamua kuwa aliuawa na ugonjwa wa kazini, uliotokana na kupiga mpira kwa kichwa. Oktoba 2019 watafiti wa Glasgow walionyesha kwamba wanasoka wa zamani wa Scotland walikufa kwa maradhi ya kuharibika ubongo kwa kiwango cha mara tatu na nusu kuliko watu wengine.

Brussels inalijua swali hili kwa sura nyingine, iliyo chungu zaidi. Tarehe 29 Mei 1985, katika uwanja wa Heysel, watu 39 walipoteza maisha kabla ya fainali ya Juventus na Liverpool, na mechi ikachezwa vivyo hivyo. Platini akafunga penalti. Wakuu walihofia kwamba kuiahirisha kungezua fujo zaidi, na hoja hiyo ina uzito. Lakini mtazamaji wa televisheni, aliyekuwa mbali na fujo hizo, hakuwa na udhuru huo. Ni katika uwanja huohuo, uliojengwa upya na kupewa jina la Mfalme Baudouin, Vertonghen alikoichezea Ubelgiji mara nyingi kabla ya kustaafu timu ya taifa mwaka 2024 akiwa na mechi 157.

Mimi sijaacha kutazama. Tangu 2021 sheria zimeruhusu, kwa majaribio kwanza, mchezaji aliyeumia kichwa abadilishwe moja kwa moja. Vyama vya wachezaji vinadai badiliko la muda, ili daktari apate dakika za kumpima bila timu kupungukiwa mtu. Watunga sheria hawajakubali, na katika majukwaa ya hapa sijaona hata bango moja linalowadai.